Kufomati si Kufuta: Istilahi za Kuandaa Diski na Kusakinisha Upya Mfumo Endeshi wa Zamani

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuzichambua istilahi za kazi moja ya kompyuta ambayo hufanywa kila siku mijini na wilayani, lakini ambayo maneno yake bado hayajatulia. Kazi yenyewe ni kuifomati diski ya kompyuta na kuiwekea upya mfumo endeshi wa zamani. Mafundi wa mitaani nchini Tanzania huiita kazi hiyo "kupiga windo", kwa jina la mfumo endeshi unaojulikana zaidi, yaani Windows. Msemo huo ni hai na unaeleweka, nasi hatuna ugomvi nao. Hata hivyo, mfasiri wa kitabu cha maelekezo, mwalimu anayeandaa somo, na ofisa anayeandika waraka wa kuuza vifaa chakavu, hawawezi kutegemea msemo mmoja kwa shughuli yenye hatua kadhaa zilizo tofauti.

Tumeichagua kazi hii kwa sababu kosa la neno moja ndani yake haliishii karatasini. Mtu aliyeambiwa kwamba kufomati ni "kupanga" diski huweza kupoteza kazi ya miaka mingi kwa kubonyeza kitufe kimoja. Mtu aliyeambiwa kwamba kufomati ni "kufuta" huweza kuiuza kompyuta ya ofisi akiamini kwamba siri za watu zimekwisha kutoweka, kumbe bado zimo. Makosa haya mawili yanakwenda pande mbili zinazopingana, nayo yote mawili yanazaliwa na tafsiri.

Yafaa tukumbuke kwamba istilahi za kompyuta zilichelewa kupata makao katika Kiswahili. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na amri hiyo ililegezwa baada ya miaka mingi. Mashine hizo zilipoanza kuingia kwa wingi, mafundi hawakungoja kamati. Waliunda maneno papo hapo kazini. Mwaka 2004 ikatolewa Jambo OpenOffice, mkusanyo wa programu za ofisi uliotafsiriwa kwa Kiswahili kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mfumo wa Windows XP nao ukaja kupata kiolesura cha Kiswahili. Kwa hiyo leo tunazo safu mbili za maneno: safu ya karakana na safu ya wafasiri. Hatukusudii kuitupa safu yoyote. Tunakusudia kuonyesha ni wapi zinapatana, na ni wapi zinahatarisha kazi.

Mfano tutakaoutumia ni Windows XP, mfumo uliotolewa tarehe 25 Oktoba 2001. Ni mfumo uliopitwa na wakati, lakini bado kuna sababu za kweli za kuusakinisha: pengine kipimo cha maabara kina programu isiyokubali mfumo mwingine, au pengine kompyuta yenyewe ni dhaifu mno kwa mifumo ya leo.

Diski ngumu

Tuanze na kifaa chenyewe. Baadhi ya waandishi husema "diski kuu", wengine "diski ngumu". Neno la kwanza lina ladha nzuri, lakini lina kasoro: kompyuta moja yaweza kuwa na diski mbili au tatu za aina hiyo, na haiwezekani zote zikawa kuu. Neno la pili linaeleza umbo. Ndani ya kifaa hicho mna sahani za alumini au za kioo, ngumu, zilizopakwa utando wa sumaku, nazo huzunguka kwa kasi chini ya vichwa vya kusomea. Zilitofautishwa na diski laini, zile za plastiki nyembamba. Diski ngumu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, na zote pamoja zilihifadhi kiasi cha herufi milioni 5 tu.

Tunapendelea "diski ngumu". Hata hivyo mfasiri atambue kwamba kompyuta nyingi za siku hizi zina hifadhi isiyo na sahani yoyote, bali ina chembe za kielektroni. Hiyo isiitwe diski ngumu, maana, kama tutakavyoona, kanuni za kuifuta ni nyingine.

Neno moja, dhana mbili

Sasa tuingie kwenye kiini cha makala. Katika lugha chanzi neno moja hutumika kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. La kwanza ni kuyapa maandishi sura: kuyakoleza wino, kuyalaza, kupanua pambizo. La pili ni kuiandaa diski ili iweze kupokea mafaili. Jambo la kwanza halina madhara. Likikosewa hurekebishwa kwa dakika moja. La pili likikosewa halina radhi.

Wafasiri waliunda kitenzi "kuumbiza", kutokana na umbo, nao wakakitumia kwa dhana zote mbili. Kwa maandishi neno hili linafaa sana, na twaomba liendelee. Lakini kwa diski tunaona haja ya kutumia neno jingine. Mwanafunzi aliyezoea kuumbiza barua yake, anapoona kwenye kioo swali la kama anataka "kuumbiza" diski, ana haki ya kudhani kwamba ataulizwa rangi na ukubwa wa herufi. Mafundi, kwa upande wao, husema "kufomati" kwa maana ya diski, na neno hilo limekwisha kubeba tahadhari: mtu akisikia kwamba diski imefomatiwa, moyo humruka.

Hapa basi lugha yetu inayo nafasi ambayo lugha chanzi haina. Tunaweza kuzitenganisha dhana mbili kwa maneno mawili: kuumbiza maandishi, na kufomati diski. Kuwa na neno la mkopo si aibu ikiwa mkopo huo unalipa.

Kufomati ni kufanya nini?

Kazi ya kuiandaa diski ina tabaka tatu, na si vema zote zikaitwa kwa jina moja.

Tabaka la kwanza hufanyika kiwandani. Uso wa sahani hugawanywa katika mizingo, na kila mzingo hukatwa katika vipande viitwavyo sekta. Kwa miaka mingi kila sekta ilibeba baiti 512. Diski za karibuni hutumia sekta za baiti 4,096. Mtumiaji wa kawaida hahusiki na tabaka hili.

Tabaka la pili ni kuigawa diski. Hapa diski moja hukatwa katika maeneo, kama vile shamba linavyopimwa viwanja, na mipaka ya viwanja hivyo huandikwa katika jedwali dogo lililo katika sekta ya kwanza. Katika utaratibu wa zamani, ambao ndio wa Windows XP, jedwali hilo lina nafasi nne tu za maeneo makuu, na haliwezi kuhesabu zaidi ya baiti trilioni 2.2 hivi. Kwa eneo moja lililogawanywa hivyo tunapendekeza neno "kizigeu", ambalo wafasiri wamekwisha kulitumia. Kitendo kiitwe "kugawa diski". Kuweka na kuondoa vizigeu si kufomati, ingawa matokeo ya kuviondoa ovyo huwa mabaya vilevile.

Tabaka la tatu ndilo hasa linalostahili jina la kufomati. Ndani ya kizigeu huwekwa mfumo wa mafaili, yaani utaratibu wa kuyaandikisha mafaili na kuyatafuta. Windows XP humtaka mtumiaji achague baina ya FAT na NTFS. FAT32 hauwezi kupokea faili moja lenye ukubwa wa kufikia gigabaiti 4. NTFS unaweza, na tena unaweka kumbukumbu ya nani aruhusiwe kufungua nini.

Watumishi wa serikali wataelewa jambo hili kwa kulilinganisha na masjala. Katika masjala kuna majalada rafuni, na kuna rejista inayoonyesha kila jalada liko wapi. Kufomati kwa haraka ni kuichukua rejista ya zamani na kuweka mpya isiyo na maandishi. Karani mpya akiingia, atatazama rejista na kusema kwamba masjala ni tupu. Lakini majalada yangali rafuni. Yataondoka moja moja tu, kadiri majalada mapya yanavyohitaji nafasi. Mtu mwenye subira, akiacha rejista na kupita rafu kwa rafu, atayasoma yaliyobaki.

Je, kufomati kwa ukamilifu nako? Hapa ndipo mfasiri anapopaswa kuwa macho. Katika Windows XP, kufomati kwa ukamilifu huongeza kazi moja tu: kuikagua diski nzima kutafuta sekta mbovu. Rafu zinakaguliwa, lakini majalada hayachomwi. Kuanzia toleo la Windows Vista, kufomati kwa ukamilifu huandika sifuri juu ya kizigeu kizima. Kwa maneno mengine, sentensi ile ile ya Kiswahili, "fomati diski kwa ukamilifu", ina matokeo mawili kulingana na mfumo unaoitekeleza. Mwenye kutafsiri maelekezo bila ya kutaja mfumo gani atakuwa ametoa ahadi asiyoweza kuitimiza.

Kufuta, kufuta kabisa, na madhara ya kutotofautisha

Kwamba jambo hili si la nadharia tu lilidhihirika nchini Marekani. Watafiti wawili wa chuo cha MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski ngumu 158 zilizokwisha kutumika, na mwaka 2003 wakatangaza waliyoyakuta. Diski 129 zilikuwa bado zinafanya kazi. Kati ya hizo, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta barua za watu, habari za matibabu na namba za kadi za benki, na miongoni mwa diski hizo zilikuwamo zilizofomatiwa kabla ya kuuzwa. Wenyewe waliamini kwamba wamekwisha kufuta.

Kwa sababu hiyo twapendekeza vitenzi vitatu vitenganishwe. "Kufuta" kitumike kwa kuondoa faili moja moja kwa njia ya kawaida. "Kufomati" kitumike kwa kuweka mfumo mpya wa mafaili. Na pale habari zinapoandikwa juu yake hata zisiweze kusomeka tena, isemwe "kufuta kabisa", kisha waraka ueleze kwa njia gani. Kwa diski ngumu, kuandika sifuri juu ya diski nzima mara moja kunatosha kwa kazi za kawaida za ofisi. Kwa hifadhi isiyo na sahani, njia hiyo haitegemeki, kwa kuwa kifaa chenyewe huhamisha habari kutoka chembe moja hadi nyingine bila ya kompyuta kujua. Humo hutumika amri maalumu ya kufuta iliyowekwa na mtengenezaji. Waraka unaosema tu "kompyuta zifomatiwe kabla ya kuuzwa" haujalinda siri ya mwananchi yeyote.

Kusakinisha, kusimika, kupakia

Diski ikishafomatiwa, huja kazi ya kuiwekea mfumo endeshi. Tumesema "mfumo endeshi" badala ya "mfumo wa uendeshaji" kwa sababu hili la pili laweza kuchanganywa na taratibu za kuendesha idara au kampuni. Aidha, "mfumo endeshi" unakaa vema ubavuni mwa "programu tumizi", na jozi hiyo humsaidia mwanafunzi kuona tofauti ya daraja.

Ama kuhusu kitenzi, yapo mashindano. "Kuweka" ni kupana mno. "Kupakia" kunafaa kwa programu inayoingizwa katika kumbukumbu kwa muda, kama shehena ipakiwayo chomboni na kisha kupakuliwa. "Kusimika" kuna heshima yake, lakini hutupeleka kwenye kusimikwa kwa maaskofu na kusimamishwa kwa nguzo. "Kusakinisha" kunatokana na kusakini, yaani kukaa mahali, na ni ndugu wa neno maskani. Mfumo uliosakinishwa umepewa maskani katika diski: una faili zake, una orodha ya mipangilio yake, na hauwezi kuhamishwa kwa kunakiliwa tu kama barua. Maana hiyo inakaa sawasawa.

"Kusakinisha upya" nako kutofautishwe na "kukarabati", ambako faili za mfumo hurudishwa bila ya kuyagusa mafaili ya mtumiaji, na "kupandisha toleo", ambako mfumo mpya hukalia mahali pa ule wa zamani. Fundi akisema atapiga windo, mwenye kompyuta ana haki ya kuuliza ni lipi kati ya hayo matatu.

Kiendeshi na draiva

Lipo neno jingine linalotatiza. Wafasiri wameita "kiendeshi" kile kifaa kinachozungusha diski au CD. Tena wengine wameita "kiendeshi" ile programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na kifaa. Katika maandishi mengine mgongano huu haudhuru. Katika kusakinisha Windows XP unadhuru sana.

Mfumo huo ulitungwa kabla ya aina mpya za kuunganisha diski kuenea. Ukiingiza CD yake katika kompyuta ya miaka ya baadaye, mara nyingi husema kwamba haukupata diski ngumu yoyote, ingawa diski ipo na ni nzima. Kilichokosekana ni programu ya kuzungumza nayo. Tiba ni mbili: ama kubonyeza F6 mwanzoni na kuipatia programu hiyo kutoka katika diski laini, ama kubadili mpangilio wa BIOS ili diski ijifanye kuwa ya mtindo wa zamani. Sasa msomaji akiambiwa kwamba "kiendeshi hakikupatikana", akimbilie duka la vipuri au atafute programu? Tunapendekeza "kiendeshi" kibaki jina la kifaa, na programu iitwe "draiva", kama mafundi wanavyoita.

Kupitwa na wakati na kuungwa mkono

Tarehe 8 Aprili 2014 kampuni ya Microsoft iliacha kuutolea Windows XP marekebisho ya usalama kwa umma. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipoenea duniani, ilitoa kiraka kimoja nje ya utaratibu huo. Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 nayo ilifikia kikomo. Habari hizi zimekuwa zikitafsiriwa kwamba mfumo "hauungwi mkono tena". Hiyo ni tafsiri ya sisisi. Kwa Kiswahili huungwa mkono mgombea, hoja au mgomo; mfumo usioungwa mkono ungekuwa ule uliokosa wapenzi. Tuseme "mfumo usiohudumiwa", na marekebisho yenyewe tuyaite "viraka", neno ambalo kila mwenye nguo au baiskeli analielewa.

Athari za kutohudumiwa si ndogo. Agosti 2003 mnyoo uitwao Blaster uliingia katika kompyuta za Windows XP kwa njia ya mtandao bila ya mtumiaji kubonyeza chochote. Mfumo uliosakinishwa kutoka CD ya mwaka 2001 hurudi na matundu yake yote ya siku hiyo. Kwa hiyo maelekezo ya kusakinisha mfumo mkongwe ni lazima yaseme wazi kwamba waya wa mtandao uchomolewe, na ikiwezekana usirudishwe kamwe.

Mfano wa maelekezo

Ili kuyajaribu mapendekezo yetu, tumeandika maelekezo mafupi:

1. Tengeneza nakala ya akiba ya mafaili yote katika kifaa kingine. Chomoa kifaa hicho baada ya kuhakikisha kwamba mafaili yanafunguka.
2. Tafuta draiva za kompyuta yako na namba ya idhini yenye herufi na tarakimu 25.
3. Chomoa waya wa mtandao. Ingiza CD ya mfumo endeshi na uiwashe kompyuta kwa CD hiyo.
4. Chagua kizigeu. Hakikisha ukubwa wake kabla ya kuendelea, hasa ikiwa kuna diski zaidi ya moja.
5. Fomati kizigeu kwa NTFS. Baada ya hatua hii mfumo hautayaona mafaili ya zamani. Hata hivyo, hayajafutwa kabisa.
6. Sakinisha mfumo endeshi, kisha viraka ulivyohifadhi, kisha draiva, na mwisho programu tumizi.

Yafaa kuongeza kwamba toleo la awali la Windows XP, lisilo na mikupuo ya viraka iliyofuata, haliwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 137 za diski. Anayeona diski yake "imepungua" asidhani ameibiwa.

Orodha ya mapendekezo

diski ngumu: kifaa cha kuhifadhia chenye sahani za sumaku
kizigeu (vi-): eneo moja la diski iliyogawanywa
kufomati: kuweka mfumo mpya wa mafaili katika kizigeu
kuumbiza: kuyapa maandishi sura
kufuta kabisa: kuondoa habari zisiweze kusomeka tena
mfumo endeshi (mi-): programu kuu inayotawala kompyuta
kusakinisha: kuipa programu maskani katika diski
kiendeshi (vi-): kifaa cha kuzungushia diski au CD
draiva: programu ya kuzungumza na kifaa
kiraka (vi-): rekebisho la programu
mfumo usiohudumiwa: mfumo usiotolewa tena viraka
nakala ya akiba: nakala iliyotunzwa kando kwa ajili ya dharura

Hitimisho

Hatudai kwamba orodha hii ni sanifu. Usanifishaji una utaratibu wake na wenyewe. Tunachodai ni kwamba istilahi za kompyuta zisipimwe kwa uzuri wa sauti wala kwa asili ya neno pekee, bali pia kwa swali hili: je, msomaji akilifuata neno hili kama lilivyo, atapata alichokitaka au atapata hasara? Kwa kipimo hicho "kufomati", japo ni neno la kuja, limeishinda "kuumbiza" katika diski, na "kiraka", neno la nyumbani, limeishinda kila neno la mkopo. Wasomaji walio na maneno mengine ya karakana, kutoka Bara au Visiwani, Kenya au Uganda, wanaombwa wayalete pamoja na sentensi zinazoonyesha yanavyotumika, maana istilahi isiyo na sentensi ni mbegu isiyo na udongo.